Kimya cha Kaka Mkaguzi

Jumamosi, 9 Novemba

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima. Kibonge ametimiza miezi minane na anatambaa kinyumenyume kama kaa aliyepotea njia. Akitaka kuja kwangu anajikuta chini ya kitanda, halafu analia kana kwamba sisi ndio tuliomsukuma.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu neno lako ni moja tu, "nitakupigia," na siku hiyo haijawahi kufika. Barua angalau utaisoma ukinywa chai.

Jambo lenyewe ni hili. Yule mwenye duka la madaftari, ambaye mimi na cherehani yangu tunakaa chumba chake cha nyuma, anahama. Chumba cha mbele kinabaki wazi. Kina dirisha la barabarani, kaka! Nitashona kwa mwanga wa jua na watu watauona mkono wangu wakipita. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwezi wa kwanza. Nimeshakusanya robo tatu. Sare za shule zitamalizia, maana wazazi wameanza kuleta watoto kupimwa na kutoa malipo ya mbele.

Sasa pesa zote hizo ziko kwenye kopo la unga. Baba Kibonge anasema panya wakizila hatutajua tumshtaki nani. Pale kona kuna benki ile yenye mlango wa kioo na saa kubwa ukutani. Inatoa faida kubwa kuliko zote. Jirani yangu Mama Mkaa ameweka huko. Mwalimu Mstaafu wa mtaa huu ameweka kiinua mgongo chake chote.

Wewe kazi yako ni kukagua mabenki. Niambie basi, niweke au nisiweke? Unajua nyumbani tulikuita Bwana Hapana. Neno lako la kwanza halikuwa mama wala baba. Nikipanda juu ya ukuta, "Hapana!" Nikitia chumvi mara ya pili, "Hapana!" Siku Baba Kibonge alipokuja kujitambulisha, ulisema hapana mara tatu kabla hajapewa kiti. Hujawahi kuniona naelekea shimoni ukanyamaza. Kwa hiyo usijichoshe na barua ndefu. Ukisema hapana, naacha. Usiposema, naweka.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kibonge


Jumapili, 17 Novemba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Nimecheka kwa habari za Kibonge. Mwambie mjomba wake alianza hivyohivyo, na mpaka leo anakwenda kinyumenyume.

Chumba chenye dirisha ni kitu kizuri. Macho yako yatapumzika. Kumbuka kuweka pazia, jua la mchana hufifisha vitambaa. Baba Kibonge msalimie sana. Mwambie kiti chake sasa kipo.

Kazi ni nyingi siku hizi. Tunaingia ofisini asubuhi mapema na kutoka tukiwa hatujui kama ni Jumanne au Alhamisi. Kula vizuri. Nawe unanyonyesha, usijisahau.

Kaka yako


Alhamisi, 12 Desemba

Kaka,

Benki ya pale kona imefungwa. Nadhani sikupi habari mpya.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kutoa pesa za kununua kitambaa cha buluu. Nikakuta mlango wa kioo umebandikwa karatasi yenye muhuri, na watu wamejaa mpaka katikati ya barabara. Mlinzi ambaye kila siku huniambia "karibu, mama, mtoto anakua" alikuwa ametugeuzia mgongo. Mama Mkaa alivua kiatu akagonga kioo nacho, huku akiita, "Fungueni! Nimewaachia pesa, sikuwaachia ufunguo!" Mwalimu Mstaafu alikaa kwenye ngazi akitusomea lile tangazo kwa sauti. Kila mstari alikuwa akisahihisha makosa ya lugha. "Hapa palitakiwa mkato. Hili neno halipo." Kaka, pesa zake zote zimo humo, na bado anasahihisha.

Ndani saa kubwa ilikuwa inaendelea kutembea. Niliiona kupitia kioo.

Halafu watu wenye vitambulisho shingoni wakatoka mlango wa pembeni na maboksi. Mzee mmoja akasema, "Hao ni wakaguzi. Wamekuwa humo tangu mwezi wa tisa." Mwezi wa tisa, kaka. Mimi nilikuandikia mwezi wa kumi na moja.

Nilikuandikia usiposema naweka. Hukusema. Nikaweka pesa zote, na za wazazi zilizokuwa zimeingia. Nilipotoka pale siku ile ya kuweka nilikuwa naimba.

Sitaki habari za pazia. Nijibu kitu kimoja. Ulijua?

Mama Kibonge


Jumatano, 18 Desemba

Mdogo wangu,

Nilijua. Tangu mwezi wa kumi.

Wenye benki ile walichukua pesa za watu wakajikopesha wenyewe na marafiki zao, kwa majengo ambayo hayajawahi kuwa na tofali. Mimi ni mmoja wa waliokwenda kuyatafuta majengo hayo. Tulikuta kiwanja na mbuzi wawili.

Nitakueleza kwa nini sikukwambia, kisha utaamua kama mimi bado ni ndugu yako. Hakuna benki yenye pesa zote za watu siku moja, hata ile iliyo nzima. Inasimama kwa sababu hamji wote pamoja. Siku neno likivuja, wanaokimbia kwanza wanapata chote na wanaofika mwisho wanakuta sakafu. Na wanaofika mwisho ni walewale siku zote. Ni wasio na ndugu ofisini. Ndiyo maana tuliapa kwamba atakayejua hatamwambia mtu, hata mama yake. Ningekwambia wewe, ungemwambia Mama Mkaa. Si kwa sababu huna kifua, ni kwa sababu una moyo. Mama Mkaa naye ana dada.

Huwa najiuliza hivi: kama nisingejua mimi ni nani katika foleni ile, wa mbele au wa nyuma, mwenye kaka mkaguzi au asiye naye, ningetaka kanuni gani? Kila mara nakuta ningetaka kanuni ya kunyamaza. Unamkumbuka mama na ufunguo wa bomba la uani? Yule bwana wa maji alikuwa akimnong'oneza mapema siku ambayo maji yangekatika. Mama hakujaza ndoo zetu kwanza hata siku moja. Alifungua bomba, akaita watu wote, nasi tukachota mwisho. Mimi nilijifunzia kazi yangu pale.

Kabla ya barua ile ya Novemba niliandika tatu nyingine. Ya kwanza ilikuwa na neno moja tu, unalijua. Nilizichana zote. Uliponiandikia "usiposema, naweka," uliniwekea kisu shingoni bila kujua.

Nimekutumia kiasi kidogo. Ni cha mshahara wangu. Nitaendelea mpaka kifikie ulichopoteza.

Kaka yako, kama bado unaliruhusu neno hilo


Jumapili, 22 Desemba

Kaka,

Umesema ukweli wote isipokuwa wa mama.

Wewe ulikuwa unakwenda shule, mimi nilikuwa nyumbani. Siku ile ulipokuwa na homa, maji yalipokaribia kukatika, mama alijaza ndoo moja ndogo kwanza. Ile ya bati yenye mpini wa kamba. Nilimwona kwa macho yangu. Alijaza, akaitenga, ndipo akaita watu. Ile ndoo ndiyo iliyokupoza. Yaani wewe unayenisomea kanuni uko hai kwa ndoo moja ya mama.

Mimi sikukuomba pipa, kaka. Nilikuomba ndoo moja. "Subiri kidogo" tu ingenitosha.

Jana tulikutana ukumbi wa shule, sisi tulioweka pesa. Mwalimu Mstaafu alisimama akauliza swali ambalo limenikaa kooni. Alisema, "Mtu anayefunga mlango wa pesa zangu kwa faida yangu, nani alimpa ufunguo? Mnasema sisi wananchi. Haya, tulikubali lini? Aliyeulizwa anyooshe mkono." Watu mia mbili, hakuna mkono hata mmoja. Kisha akasema hapingi mlango kufungwa, anauliza tu tulikubali lini. Nakuuliza na mimi.

Pesa uliyotuma nimeipokea, sijaigusa. Baba Kibonge anasema nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimemwambia basi sitakuandikia mpaka mwaka kesho kutwa.

Mama Kibonge


Jumapili, 29 Desemba

Mdogo wangu,

Sikuijua habari ya ndoo. Nimekaa nayo wiki nzima. Miaka yote hii nimekuwa nikimsimulia mama kwa wenzangu kazini kama mfano wa mtu asiyependelea, kumbe aliyependelewa nilikuwa mimi.

Swali la Mwalimu sina jibu lake zuri. Hamkuulizwa. Sheria ile iliandikwa na watu kumi katika chumba chenye feni, na nadhani ni sheria nzuri, lakini hakuna aliyekuja uani kwenu kuwauliza. Sheria nzuri ambayo hukuulizwa inafanana na dawa uliyotiwa mdomoni ukiwa umelala. Huenda ikakuponya, lakini utaamka umekasirika, na una haki.

Nimeandika waraka kwa wakubwa zangu. Nimeomba wenye akiba ndogo walipwe kwanza, mpango usomwe ukumbini mbele ya watu kabla haujapitishwa, na majina yabandikwe hadharani, bila kurasa za siri. Mimi ni mkaguzi wa ngazi ya chini. Sijui kama utasomwa.

Nibusie Kibonge unyayo.

Kaka yako


Jumatano, 8 Januari

Kaka yangu,

Yamenifika na mimi. Kaa chini usome, ni ndefu.

Unajua ninavyoshona sare. Mzazi anatoa malipo ya mbele, mimi nashona ya huyu kwa malipo ya yule, na ya yule kwa malipo ya atakayekuja. Nilipima watoto arobaini na mmoja. Kitambaa cheupe cha mashati nilikuwa nimeshanunua jora zima kwa bei ya jumla. Cha buluu, cha sketi na suruali, nilipanga kununua kwa pesa za benki. Benki ikafungwa, buluu haikuja. Nilikuwa na buluu ya nguo mbili tu.

Na mimi nikanyamaza, kaka. Wazazi wakipita nasema, "Njooni Jumamosi." Nilikuwa najua Jumamosi hakuna kitu. Nilijiambia nikisema watakuja wote, wataniangusha, basi bora ninyamaze nitafute njia. Nikajisikia nasema maneno yako.

Ijumaa Mama Mkaa akanikuta bombani. Akanishika mkono. "Mwenzangu, niambie ukweli, sare za wanangu zipo?" Kaka, huyu ndiye aliyenichemshia maji siku Kibonge anazaliwa. Ningemwangaliaje? Nikamwambia, "Njoo kesho alfajiri, wengine hawajaamka." Akaja. Buluu yote iliyokuwapo nikampa yeye, sare mbili kamili nimezifunga kwenye gazeti. Nikajiambia hii ni ndoo ndogo ya mama. Nilijisikia mtu mwema mpaka saa mbili asubuhi.

Mama Mkaa ana dada, kama ulivyosema. Saa mbili uani pamejaa. "Wengine wameshapewa!" "Toa pesa zetu!" Mmoja akapaza sauti, "Kumbe na wewe ni benki! Ungetwambia tukuletee mlango wa kioo!" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Baba Kibonge alisimama mlangoni na brashi yake ya kazi ya kupaka rangi mkononi, hajui ampake nani. Kibonge kwenye mgongo wangu akawa anacheka nao.

Nyuma kabisa alisimama yule mama mfagiaji wa zahanati, na binti yake mkononi. Huyo ndiye aliyelipa wa kwanza kabisa, mwezi wa kumi, akalipa yote, hakuacha hata senti. Hakusukuma mtu. Zamu yake ilipofika aliniambia tu, "Basi mama, kama zimeisha zimeisha. Tutarudi." Akamwambia mtoto, "Sema asante." Mtoto akasema asante!

Kaka, ningependa anitukane. Buluu niliyompa Mama Mkaa ilikuwa ya mtoto huyo. Nilimpendelea rafiki, na yule niliyempokonya nilikuwa hata sijamfikiria. Sasa alikuwa na uso, na amevaa kandambili zilizounganishwa kwa waya.

Nikapanda juu ya stuli. Nikawaambia yote: benki, jora jeupe, buluu, na kwamba nimempa Mama Mkaa kwa siri. Nilidhani watanipiga. Mama Mkaa akageuka akaondoka, nikasema leo nimepoteza na rafiki. Dakika chache baadaye akarudi na lile gazeti, akalitupa kwenye meza yangu. "Chukua! Mimi si mwizi. Uliniambia zipo, hukuniambia ni za mtu!" Kisha akakaa palepale, hakwenda, akanichukulia Kibonge mgongoni.

Mwalimu Mstaafu akaitwa. Akasema, "Mimi sina mtoto wa kuvaa sare hapa, ndiyo maana ninaweza kuuliza vizuri. Msianze kusema nani apate. Semeni kwanza tugawe kwa njia gani. Na kila mmoja ajifanye hajui mwanawe ni yupi." Mmoja akasema waliotangulia kulipa. Mwingine akasema wenye watoto wa darasa la kwanza. Baba mmoja akataka tupige kura ya karatasi, akazomewa. Ndipo mfagiaji akanyoosha mkono, polepole kama yuko darasani. Akasema, "Nyeupe si ipo? Kila mtoto apate shati kwanza. Akiwa na shati jeupe, mwalimu wa getini haangalii sana chini." Watu wakacheka, safari hii kicheko kizuri. Mwalimu akauliza anayekubali anyooshe mkono. Nilihesabu, kaka. Mikono yote. Hata ya Mama Mkaa, akiwa amempakata Kibonge.

Nimeshona mashati siku mbili mfululizo, na wazazi watatu wenye cherehani wamenisaidia. Jana shule imefunguliwa. Nilikwenda kuangalia kwa mbali. Mashati arobaini na moja meupe kabisa, na chini kila mtoto ana lake: kaptula ya kijani, sketi ya maua, suruali ya baba iliyokunjwa mara tatu. Mwalimu wa getini aliwatazama, akatikisa kichwa, akafungua geti. Binti wa mfagiaji alikuwa anatembea ameinua shingo kama twiga. Zile buluu mbili tumekubaliana zisubiri mpaka zitoshe watoto wote.

Sasa nisikilize. Nimeelewa kwa nini ulinyamaza. Sijaelewa uliwezaje. Mimi nilishindwa siku ileile niliyoulizwa, wewe ulikaa nayo miezi miwili, na aliyekuuliza ni mimi.

Na kuna kingine nimekumbuka juu ya ile ndoo, nikiwa juu ya stuli. Mama hakuificha. Aliiweka katikati ya ua, akawaambia watu, "Hii ya mgonjwa wangu. Kesho akiugua wa kwako, ya kwanza ni yake." Hakuna aliyenung'unika. Yangu niliifunga kwenye gazeti. Nadhani tofauti yote iko hapo. Nyie wakubwa mkiwa na ndoo ya mtu, iwekeni uani tuione, na mtuulize. Mwaka mzima wa mikutano yenu ungekwisha asubuhi moja.

Bado kuna siku ninaamka na kidonda kile. Sitakudanganya. Lakini nimeanza tena kuandika mdogo wako, unaona.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


Jumatano, 15 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako nimemsomea mkuu wangu wa kazi, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka. Nilipofika kwa mlango wa kioo alicheka. Nilipofika kwa mtoto aliyesema asante aliomba niirudie. Jina la Mama Mkaa nililiruka.

Wakubwa wameukubali waraka wangu. Watakuja ukumbini kwenu tarehe ishirini na tano kuusoma mpango na kuuliza kama mna neno. Ukipita, wenye akiba ndogo watalipwa kwanza, na orodha itabandikwa pale mlangoni tarehe mosi. Hamtapata zote, sitakuficha. Mtapata sehemu kubwa mwezi wa pili, na iliyobaki kadiri mali za wale mabwana zitakavyouzwa. Mwambie Mwalimu Mstaafu tangazo safari hii nimelikagua mikato mwenyewe.

Ningependa kuja kuwaona. Sijui kama mlango wenu unanifungukia. Sitakuja mpaka uniambie.

Kaka yako


Jumapili, 2 Februari

Kaka yangu,

Kwanza habari ndogo. Chumba cha mbele kimekwenda kwa kinyozi. Nililia kidogo. Lakini kinyozi ni kijana mstaarabu, ameniambia nusu ya dirisha haitumii, maana watu wanaonyolewa hawapendi kutazamwa. Kwa hiyo cherehani yangu imehamia dirishani kwa robo ya kodi, na wateja wake wakisubiri zamu wananiletea suruali za kupunguza. Kibonge ameanza kutambaa mbele. Sasa hakamatiki.

Kule ukumbini tuliulizwa. Mwalimu Mstaafu alisema maneno matatu, wakayaandika mawili. Tukanyoosha mikono. Mama Mkaa alinyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Jana nikaenda kuangalia orodha. Jina langu lilikuwa karatasi ya kwanza, nikaliona haraka, nikataka kuondoka. Lakini Mwalimu alikuwa amesimama pale na miwani yake iliyopasuka, haoni jina lake, na anaona aibu kuuliza. Nikamwambia, "Mwalimu, nami nifanye zoezi la kusoma, unisahihishe." Nikaanza kumsomea, karatasi hadi karatasi, majina ya watu wote. Lake tukalikuta kwenye ya nne. Akafuta macho, lakini akasema, "Endelea, ulimi wako unaanza kunyooka." Nikaendelea mpaka ya mwisho kabisa. Ina majina sita tu. Juu yake imeandikwa: watumishi wa ukaguzi wenye akiba katika benki hii, watalipwa baada ya watu wote.

Jina la tatu humo linaishia kwa jina la baba yetu.

Kaka. Ile akaunti mama aliyokufungulia ulipokwenda chuoni, kwa pesa aliyopata alipouza cherehani yake ya kwanza. Kumbe ilikuwa hapohapo pale kona. Na ulikuwa ukiweka humo miaka yote, nimeona kiasi. Ni nyingi kuliko yangu mara nne. Ulijua tangu mwezi wa kumi, na ukaiacha. Ulikuwa unanieleza habari za foleni, wa mbele na wa nyuma, kumbe na wewe ulikuwa umesimama humo humo, nyuma yangu, na hukusema neno. Halafu ukanitumia mshahara wako! Ulikuwa unakula nini wewe?

Nililia pale mbele ya watu. Yule mlinzi, ambaye sasa anatuangalia usoni, akanisogelea. "Vipi mama, jina lako halipo?"

Nikamwambia, "Lipo. Na la kaka yangu lipo."

Pesa zote ulizonitumia mpaka sasa, nusu nimekurudishia leo kwa njia ileile uliyotumia. Nusu nimenunulia kitambaa cha buluu, kimetosha sketi na suruali zote. Ile siri haikuwa yako, ndiyo maana sikuruhusiwa kuipata. Mshahara ni wako, na kaka akimpa mdogo wake kitu cha jasho lake hakuna kanuni iliyovunjika. Ila usiniandikie tena kwamba unanilipa. Hudaiwi.

Malipo yanaanza Jumatatu ya tarehe kumi na saba, saa mbili asubuhi. Njoo. Omba ruhusa, na wakikunyima waambie mdogo wako amesema hapana. Mimi wataniita mapema, wewe watakuita mwishoni, hata kama ni jioni, hata kama si siku hiyo. Nikishapokea zangu sitakwenda nyumbani. Nitakaa na Kibonge kwenye ngazi pale mpaka wakuite.

Mdogo wako,
Mama Kibonge